Pumzi ya Octavian

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Udzungwa nilipokwenda kuomba maji. Maji ya kawaida tu, ya kujaza karai, nitumbukize tyubu ya baiskeli nione inavujia wapi. Kila fundi baiskeli wa Ifakara anafanya hivyo mara ishirini kwa siku. Mimi nimefanya tangu nina miaka kumi na tano, pale Kibaoni, na sijawahi kuogopa karai la maji hata siku moja.

Sasa naliogopa.

Naitwa Polycarp. Aliyekuwa ananisubiri barabarani jioni ile ni Octavian, mtoto wa mama mdogo. Mama yangu alifariki nikiwa bado natambaa, nikachukuliwa na mdogo wake, Mama Tekla. Kwa hiyo mimi na Octavian tumekula sahani moja, tumelala kitanda kimoja, tumechapwa kwa fimbo moja. Nampenda. Naomba uliamini hilo kwanza, maana nitakayosema mbele yatakufanya usiliamini.

Nimemwonea wivu tangu tuna miaka sita.

Si wivu wa kuja na kuondoka. Ni ule wa kila siku, wa kukaa nao kama mtu anavyokaa na jino bovu. Mama Tekla hakunibagua, Mungu ni shahidi, alinipakulia nyama sawa na mwanawe. Ila akimwangalia Octavian anakula, alisahau kula yeye. Akiniangalia mimi nakula, aliendelea kula. Sasa kitu kama hicho utakwenda kukishtaki wapi?

Mengine niliyazoea. Alipofaulu nikafeli, sawa. Alipopelekwa chuo Morogoro nami nikabaki kuziba pancha, sawa. Eveline, binti wa jirani niliyekuwa namtengenezea baiskeli bure, alipoanza kuniuliza, "Octa anarudi lini?", nikasema sawa, huku nakaza nati mpaka zikakatika.

Lakini mbwa ndiye aliyenimaliza.

Yule mbwa nilimwokota mimi, kule Katindiuka, kwenye mfereji wa shamba la mpunga, akiwa mdogo kama kiatu. Nilimlisha uji na vichwa vya dagaa miezi minne. Nikampa jina Watachoka, ili majirani waliokuwa wananisema nimezeekea kwenye pancha walisikie kila nikimwita. Tukawa tunakwenda kazini pamoja, tunarudi pamoja. Mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ambacho kikiniona kinafurahi.

Octavian akarudi likizo. Akasimama getini, akapiga mluzi mara moja.

Mara moja tu! Watachoka akanipita kama nguzo ya umeme. Tangu siku hiyo alilala mlangoni kwa Octavian, akala mkononi kwa Octavian, na mimi nikimwita ananitazama kwa adabu, kisha anamwangalia Octavian kuuliza kama aje.

Ndipo zikaanza safari. Octavian alipata baiskeli mbili za gia za mtumba, za kupandia milima. Mimi nikazifufua. Nikaifungia ya kwake keria, na juu ya keria nikafunga kreti la soda, Watachoka akae humo wakati wa mteremko. Octavian akajirekodi akishuka kilima na mbwa nyuma, masikio yanapepea, akaweka mtandaoni. Watu wakapagawa. Kila kiangazi mpunga ukishavunwa tukawa tunaondoka siku tatu nne: mwaka mmoja Kidatu, mwaka mwingine Mlimba. Yeye anaendesha, mbwa anapepea masikio. Mimi natengeneza, napika, nashika simu.

"Kamata vizuri, Poli," alikuwa ananiambia. "Kivuli chako kinaingia."

Hata kivuli changu kilikuwa kinaharibu.

Mwaka huu, mwezi wa saba, tukaamua kwenda Mahenge. Tukavuka daraja la Kilombero asubuhi, nyasi za bondeni zimechomwa, majivu yanaelea mpaka mdomoni. Hatujafika mbali gurudumu la mbele la Octavian likapata mwiba. Nikaziba. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penyewe. Kabla ya kurudisha tyubu ndani ya tairi, mafundi tunaipuliza kwa mdomo, pumzi mbili tatu, ijinyooshe isije ikabanwa na chuma. Baada ya hapo ndiyo pampu. Siku hiyo Octavian alininyang'anya.

"Nirekodi! Leo naijaza mwenyewe."

Akapuliza mashavu yamevimba, macho yamemtoka, Watachoka anambwekea kwa furaha. Akamaliza anacheka, hoi. Nikarekodi yote, kivuli changu hakimo. Tukaendelea.

Tulifika Lupiro mchana, tukala wali na samaki, tukaanza kuukabili mwinuko wa Mahenge jua likiwa limeelemea. Tulitaka kulala kijiji kilicho mbele kidogo kwa mama mmoja mwenye duka, Balbina, anayepangisha chumba. Ilibaki kama nusu saa hivi.

Psss...

Gurudumu lilelile.

"Kiraka chako hicho, fundi," Octavian akasema akicheka. Hakuwa na ubaya. Yeye hana ubaya, na hilo nalo linaudhi.

Maji yetu ya kunywa yalikuwa yamebaki kidogo chini ya chupa. Nikaangaza. Kulia kwa barabara, hatua kama mia ndani ya vichaka, niliona nyumba ya nyasi na moshi mwembamba.

"Nakwenda kuomba maji pale," nikasema.

"Pale wapi?"

Alikuwa ameinama anamkuna mbwa tumbo, hata hakuangalia. Nikachomoa gurudumu, nikachukua mfuko wa vifaa, nikaenda. Nikamwita Watachoka tuongozane. Alikuja hatua tatu. Akasimama. Akaanza kurudi nyumanyuma, mkia tumboni, bila kubweka.

"Unaona?" nikamwambia Octavian. "Hata hatua kumi hawezi kwenda na mimi."

"Muache, amechoka," akanijibu.

Nikaondoka nimefura.

Harufu ndiyo iliyonipokea kwanza. Nywele zilizoungua. Halafu sauti... krrp... krrp... kama wembe unapita juu ya ngozi kavu.

"Hodi wenyewe."

Sauti ikanyamaza.

"Karibu."

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Umri wake sikuuelewa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa muda uleule, kinang'aa, kina unyevu. Hana nyusi. Hana kope. Nikajua mara moja ametoka kunyolewa.

Kama wewe si wa huku nitakueleza. Bonde lote hili, watu wakishukiana uchawi, hawapigani. Wanachukuana, mshukiwa na anayemshuku, wanakwenda kwa mnyoaji. Wote wananyolewa, wote wananyweshwa dawa, wanarudi nyumbani, kesi imekwisha. Nimewaona wengi. Humcheki mtu wa hivyo wala humuulizi. Kwa hiyo sikuuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba maji kidogo, nina pancha."

"Maji yapo," akasema. "Ila simpi mtu aondoke nayo. Fanyia hapahapa."

Akasukuma karai kwa mguu. Lilikuwa limejaa tayari.

Nikatoa tyubu, nikaitia upepo wa pampu kidogo ipate kuonekana, nikaanza kuizamisha, kipande kwa kipande, kama kawaida. Giza lilikuwa linaingia polepole. Kuku hakuna. Mtoto hakuna. Hata nyenje walikuwa kimya.

Povu la kwanza likapanda.

Likapasuka.

"Ha."

Nikatoa mikono majini. Ilikuwa sauti. Ndogo, kama mtu aliyecheka akaziba mdomo.

Nikasema ni masikio yangu. Nikazamisha tena. Mapovu matatu yakapanda kwa mfuatano. "Ha... ha... ni..." La nne likapasuka karibu na kidole changu, la uvuguvugu, na nikaisikia wazi kabisa sauti ya Octavian ya asubuhi, "...rekodi."

Yule mama alikuwa ameshainama juu ya karai. Sikumwona akinyanyuka. Pua yake ilikuwa karibu iguse maji, na kila povu lililopasuka, alilivuta.

"Pumzi ya nani hii?" akanong'ona.

"Ni upepo tu, mama. Wa pampu."

"Upepo naujua. Hii ina mwenyewe."

Nilitakiwa kukimbia. Nakwambia ukweli, miguu ilikuwa yangu, hakuna aliyeifunga. Nilibaki kwa sababu alinitazama, na katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunitazama namna ile. Alikuwa ananitazama mimi tu. Kivuli changu hakikumsumbua.

"Amekuchukulia nini?" akauliza.

Nikarudisha macho kwenye karai.

"Mama?"

Nikaizungusha tyubu majini.

"Msichana?"

"Mbwa," nikasema. Ikanitoka yenyewe. "Amechukua mbwa wangu."

Akacheka bila sauti. Hata meno yake yalikuwa machache.

"Mbwa ni kitu kidogo. Nitakurudishia. Taja mwenye pumzi."

"Unataka kumfanya nini?"

"Mimi sichukui cha mtu," akasema taratibu. "Mimi napewa."

Kutoka barabarani nikasikia mluzi. Octavian alikuwa anamchezesha mbwa. Nikasikia Watachoka anabweka, kile kibweko cha furaha ambacho miezi minne kilikuwa changu. Basi. Kitu kikapanda kutoka tumboni, kichungu, cha moto, na sikukizuia.

"Octavian," nikasema. "Octavian Maximilian."

Povu la mwisho likapanda. Kubwa. Akalipokea kwa mdomo wazi, akafumba, akameza.

Maji yakatulia.

Kule barabarani mluzi ukakatika katikati.

Sikumbuki nilivyoziba ile tyubu. Nakumbuka niko njiani natembea haraka, gurudumu begani, na kwamba sikuaga. Watachoka alikuja kunilaki. Alinirukia kifuani, akanilamba mikono mpaka viwiko, akalia kama mbwa aliyeachwa mwaka mzima. Nikapiga magoti nikamkumbatia. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi. Kwa dakika nzima nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kisha nikamwona Octavian. Amekaa chini, mgongo kwenye jiwe, mkono kifuani.

"Vumbi la majivu," akasema. "Limenikaba. Maji umepata wapi?"

"Si pale kwenye nyumba."

Akageuza shingo, akatazama nilikonyoosha kidole, akatazama tena.

"Poli... pale hakuna nyumba."

Mpaka kwa Balbina tulikokota baiskeli. Octavian alisimama kila hatua ishirini. Mwinuko kama ule mwaka juzi aliupanda akiimba. Watachoka alitembea ubavuni mwangu, bega lake linagusa goti langu, hakugeuka nyuma hata mara moja. Octavian alijaribu kumwita. Mbwa akamtazama kwa adabu, kisha akaniangalia mimi kuuliza kama aende.

Asubuhi tukapakia baiskeli kwenye lori la mbao tukarudi Ifakara.

Hospitali walimpima kila kitu. Mapafu masafi. Moyo mzima. Damu nzuri. Wakampa dawa, wakamwambia apumzike, na kweli hawakuwa na la zaidi. Kila wiki pumzi ilikuwa fupi kuliko ya wiki iliyopita. Akaacha kutembea. Akaacha kusema sentensi ndefu. Akawa analala amekaa, mito mitatu mgongoni.

Na mimi? Mimi nilipata vyote.

Watu wa mtandaoni walimuulizia mbwa, nikaweka video nikiendesha mimi, Watachoka kwenye kreti. Wakaja wengi kuliko wa Octavian. Wateja wakaongezeka, wanataka kutengenezewa na yule jamaa wa mbwa. Eveline alikuwa anakuja kumjulia hali mgonjwa, anakaa dakika tano chumbani, halafu saa nzima uani anaongea na mimi. Jioni moja Mama Tekla alinipakulia ugali, akakaa mbele yangu, na nilipoinua macho nikaona tonge lake limepoa mkononi. Alikuwa amesahau kula.

Ile picha niliyoisubiri miaka ishirini. Nikanawa mikono, nikaenda nyuma ya choo kutapika.

"Huu si ugonjwa wa hospitali," Mama Tekla akasema siku ya pili, mbele ya kitanda. Ni mtu wa kanisa, rozari haimtoki shingoni, lakini mtoto ni mtoto. "Twende tukanyolewe. Nyumba nzima. Mimi, wewe, Polycarp. Kama kuna mwenye lake litajulikana."

Octavian akatikisa kichwa.

"Ukienda... kunyolewa... unamshuku mtu," akasema, anavuta kila neno. "Mimi simshuku... ndugu yangu."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Usiniulize nilijisikiaje.

Kesho yake, kabla ya jua, nikapanda baiskeli na Watachoka nyuma. Nilikuwa nakwenda kumrudishia yule mama mbwa, video, kila kitu alichonipa. Nilikuwa tayari kumpa pumzi yangu mimi. Nilikanyaga pedeli mpaka miguu ikakufa ganzi, saa nane mchana nikafika pale tulipopata pancha. Jiwe aliloliegemea Octavian lilikuwepo. Alama ya gurudumu lake nililolilaza chini ilikuwepo bado kwenye vumbi gumu.

Nyumba haikuwepo.

Nilivipekua vile vichaka mpaka nikachanika mikono. Nyasi, mawe, siafu. Hakuna majivu, hakuna shina la nguzo. Watachoka alitembea pote pale bila woga, ananusanusa, anatikisa mkia. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Siku ile hakuthubutu kusogea.

Nikaenda kwa Balbina. Alinikaribisha soda, nikamweleza nusu. Alikuwa anapanga sabuni kwenye rafu, akaacha.

"Kichwa kimenyolewa? Hana nyusi?"

"Ndiye."

"Alikuwepo. Zamani, mimi mtoto. Walimpeleka kunyolewa mara tatu." Akashusha sauti, dukani tupo wawili tu. "Wanasema dawa inaua uchawi. Wivu haiui. Wakamnyoa kila kitu, wivu ukabaki hauna mahali pa kukaa. Alipokufa, ile nyumba waliichoma. Lakini kuna watu wanaiona."

"Watu gani?"

Akanitazama kwa huruma kidogo, si nyingi.

"Wewe unajua ni watu gani."

Nikakaza mikono kwenye chupa.

"Nataka kuiona tena, dada. Nimrudishie. Nimetafuta tangu saa nane, haipo."

"Hutaiona."

"Kwa nini?"

"Kwani sasa hivi unamwonea nani wivu, Polycarp?"

Nikafikiri. Wallahi nilifikiri. Nikatafuta kile kichungu cha tumboni kilichokaa na mimi tangu utoto, nikakikosa. Octavian? Mtu aliyelala kwenye mito mitatu? Nilijaribu kuuwasha kwa makusudi. Nikakumbuka mluzi wake, chuo chake, kivuli changu kwenye video. Hakuna. Ilikuwa huruma tupu. Nilikuwa nimeshiba, na mlango ule haumfungukii aliyeshiba.

"Wewe umejuaje yote haya?" nikamuuliza Balbina.

Akarudi kwenye sabuni zake.

"Niliiona mara moja. Mwaka aliokuwa anaolewa dada yangu." Akapanga sabuni moja, akainyoosha. "Mimi sina dada tena."

Njiani kurudi niliamua. Nitamwambia Octavian kila kitu. Anishuku, anichukie, twende tukanyolewe wote wawili, nife mimi kama ni kufa.

Lakini nilichelewa siku mbili. Siku ya kwanza kulikuwa na wageni. Siku ya pili aliniomba yeye mwenyewe kitu, na nilifurahi mno kuombwa hata nikaahirisha.

"Gurudumu langu," akasema. "Nitengenezee. Nataka... kuliona zima."

Nikakaa nalo uani, nikabadilisha tyubu, nikaweka mpya. Nikaipuliza pumzi mbili tatu za mdomo ijinyooshe. Nikamalizia na pampu, nikaliegemeza karibu na kitanda chake. Alinishukuru. Nilipotoka, Watachoka alitoka na mimi, na nikahisi Octavian anatusindikiza kwa macho.

Jana saa tisa mchana nikaingia kumwambia. Mama Tekla alikuwa amekwenda sokoni. Jua lilikuwa kali, limejaa chumbani, na dirisha limefunguliwa kwa ajili ya hewa. Dirisha lile linatazama barabara, na ng'ambo ya barabara ni shamba la mpunga lililovunwa.

Octavian alikuwa amekaa. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama Watachoka, aliyelala juu ya miguu yangu.

Ule mtazamo naujua. Nimeutumia miaka ishirini.

"Octa, nina jambo..."

"Poli." Sauti yake ilikuwa na nguvu kidogo kuliko juzi. "Ile nyumba ng'ambo... wamejenga lini?"

Nikachungulia dirishani. Mabua ya mpunga. Ng'ombe wawili. Mwanamke anapita na baiskeli, ana kuni.

"Nyumba gani?"

"Ya nyasi. Yenye yule mama... mlangoni. Ana karai."

Harufu ikaingia na upepo. Nywele zilizoungua.

"Octa, nisikilize." Nilimshika mabega. "Akikuuliza kitu, usimjibu. Umenielewa? Hata akuulize nini. Usitaje jina la mtu."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ya aibu au ya kitu kingine, sijui. Ndipo nikaona gurudumu. Tairi lilikuwa limetolewa nusu, kazi ya mikono isiyojua. Tyubu mpya, niliyoipuliza kwa mdomo wangu, ilikuwa juu ya shuka, imelegea kabisa.

Nikaigusa. Ilikuwa imelowa maji.

"Alikuja... asubuhi, na karai," Octavian akanong'ona. "Aliuliza nataka nini. Nilikataa, Poli. Mara mbili nilikataa. Halafu nikamsikia mbwa... anakuchekea uani."

Akavuta pumzi. Ndefu. Ikaingia yote, kifua kikapanda. Akaishangaa yeye mwenyewe. Akakaza midomo, akapiga mluzi mmoja mdogo.

Watachoka akainua kichwa kutoka miguuni kwangu. Akanyanyuka, akajinyoosha, akatembea mpaka kitandani.

Nikafungua mdomo nimwite, na pumzi ikaniishia katikati ya jina.